Chumvi ya Magarini na siri ya mishipa midogo ya figo

UKISAFIRI kutoka mjini Malindi kwa barabara ielekeayo Garsen, hukawii kuyaona mabwawa mapana ya maji ya bahari yaliyotandazwa juani. Ni mashamba ya chumvi ya Gongoni, Ngomeni, Marereni na Kurawa katika eneo la Magarini, ambako ndiko hutoka sehemu kubwa ya chumvi itumiwayo jikoni kote nchini Kenya. Maji ya bahari, ambayo huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, huingizwa mabwawani, yakaachiwa jua na upepo, hadi fuwele nyeupe zikabaki chini.

Upande wa kusini, mjini Kilifi, kandokando ya hospitali ya kaunti, kuna kituo ambacho wanasayansi wa Taasisi ya Utafiti wa Matibabu nchini (KEMRI) na wafadhili wao wa shirika la Wellcome la Uingereza wamekuwa wakifanya kazi tangu mwaka 1989. Kituo hicho kilijipatia sifa kwa utafiti wa malaria ya watoto. Katika miaka ya karibuni, baadhi ya watafiti wake wamegeukia swali jingine: kwa nini watu wazima wengi wa Pwani wana shinikizo la damu, maradhi ambayo wengi huyaita presha?

Mashamba ya chumvi na swali hilo la Kilifi hukutana mahali pamoja, ndani ya mishipa ya damu ya figo iliyo myembamba kuliko unywele. Mishipa hiyo si mabomba yasiyo na hisia. Huisikiliza homoni iitwayo anjiotensini, na usikivu wake hupanda au hushuka kulingana na chumvi ailayo mtu. Anayeufahamu utaratibu huo ataelewa ni kwa nini daktari humwambia mgonjwa apunguze chumvi hata baada ya kumwandikia vidonge, na ni kwa nini vidonge hivyo hivyo vinaweza kumdhuru mtu aliyeharisha siku nzima.

Chujio la milioni

Figo mbili za binadamu hazizidi ukubwa wa ngumi mbili, lakini hupokea takriban sehemu moja kwa tano ya damu yote isukumwayo na moyo. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokadiriwa kuwa milioni moja, ingawa wapo watu waliozaliwa na vichache zaidi na wengine waliojaliwa vingi kuliko hapo. Kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba mno, lenye mshipa mmoja uingizao damu na mwingine uitoao.

Jambo hilo si la kawaida mwilini. Katika viungo vingine, damu hupita kwenye mshipa mdogo, ikaingia katika mishipa myembamba ya kugawa chakula na hewa, kisha ikarejea moyoni kwa njia ya vena. Katika figo, fundo la kichujio limewekwa kati ya mishipa miwili inayoweza kujibana na kujilegeza. Mshipa uingizao ukibanwa, damu hupungua na mchujo hupungua. Mshipa utoao ukibanwa, damu hukwama kidogo ndani ya fundo, shinikizo likapanda na mchujo ukaendelea hata kama damu ifikayo ni kidogo.

Kwa njia hiyo, figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku. Karibu yote hurudishwa kwenye damu, na lita moja au mbili tu ndizo hutoka kama mkojo. Pamoja na maji hayo hupita zaidi ya kilo moja ya chumvi, ambayo nayo hurudishwa karibu yote. Kosa dogo katika hesabu hiyo, likirudiwa kila siku, hutosha kumwachia mtu chumvi ya ziada mwilini na kumpandisha presha.

Homoni iliyozaliwa Stockholm

Safari ya kuifahamu homoni inayoiongoza mishipa hiyo ilianza mwaka 1898 katika taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, Sweden. Robert Tigerstedt na msaidizi wake Per Bergman waliwadunga sungura majimaji yaliyokamuliwa kutoka katika figo za sungura wengine, wakaona shinikizo la damu likipanda. Kiini cha majimaji hayo wakakiita renini. Ugunduzi huo haukutiliwa maanani kwa zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1934 daktari Harry Goldblatt wa Marekani aliubana kwa kibanio mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye figo ya mbwa, na mbwa huyo akapata shinikizo la damu la kudumu. Ikadhihirika kuwa figo ikihisi kwamba damu imepungua, huutaka mwili mzima upandishe shinikizo. Miaka michache baadaye makundi mawili, moja la Buenos Aires nchini Argentina na jingine la Indianapolis nchini Marekani, yaligundua kila moja kivyake kitu ambacho renini hukizalisha katika damu. Kila kundi lilikipa jina lake, na mwaka 1958 yakakubaliana kulitumia moja: anjiotensini.

Leo mlolongo huo unafahamika vyema. Seli maalumu zilizomo katika ukuta wa mshipa uingizao damu kwenye kichujio hutoa renini pindi shinikizo linaposhuka au chumvi inapopungua. Renini hukata protini itokayo kwenye ini na kuzalisha anjiotensini ya kwanza. Kimeng'enya kingine, ambacho kimo kwa wingi katika mishipa ya mapafu, huikata hiyo na kuigeuza anjiotensini ya pili. Ni hiyo ya pili ndiyo yenye nguvu: huibana mishipa, huamsha kiu, na huziamuru tezi zilizo juu ya figo kutoa aldosteroni, homoni inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo.

Vipokezi ni masikio ya mishipa

Hata hivyo, homoni haifanyi kazi kwa kuwapo tu katika damu. Lazima ipokewe. Juu ya seli za mishipa kuna protini ziitwazo vipokezi, ambazo huungana na homoni yake jinsi kufuli liungamanavyo na ufunguo. Seli isiyo na kipokezi cha anjiotensini haisikii kitu, hata kama damu imejaa homoni hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilibainika kuwa vipokezi hivyo ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ndiyo inayobana mishipa, kuhifadhi chumvi na, ikichochewa kwa muda mrefu, kuchangia makovu katika figo na moyo. Aina ya pili huwa tele kwa mtoto aliye tumboni, hupungua baada ya kuzaliwa, na mara nyingi hufanya kinyume cha ile ya kwanza kwa kuilegeza mishipa. Mwaka 1991 wanasayansi walifaulu kuisoma jeni ya kipokezi cha aina ya kwanza.

Kipokezi hakikai juu ya seli milele. Anjiotensini inapokigusa, ndani ya dakika chache seli hukitia alama, ikakifunika kwa protini maalumu, kisha ikakivuta ndani. Vingine husafishwa na kurudishwa juu, vingine huvunjwavunjwa. Homoni ikiendelea kuwa nyingi kwa siku kadhaa, seli hupunguza pia utengenezaji wa vipokezi vipya. Ni kama mtu aishiye kando ya kinu cha kusaga unga: kelele zikizidi, hufunga madirisha.

Chumvi hugeuza usikivu

Hapa ndipo chumvi inapoingia. Mtu akila chumvi nyingi, mwili hauhitaji kuihifadhi zaidi, hivyo renini hushuka na anjiotensini hupungua. Akila chumvi kidogo, renini hupanda na anjiotensini huongezeka. Swali lililowashughulisha watafiti wa miaka ya 1970 lilikuwa ni hili: je, mishipa ya figo hubadilikaje?

Watafiti wa Paris walikuwa tayari wameonyesha kuwa vichujio vya figo za panya, vikitenganishwa kwa kupitishwa kwenye vichungio vyenye matundu madogo sana, vina vipokezi vya anjiotensini. Baadaye wao, na pia kundi la Boston nchini Marekani lililoongozwa na Barry Brenner, walilinganisha panya waliolishwa chumvi nyingi na wale walionyimwa. Panya walionyimwa chumvi, ambao damu yao ilijaa anjiotensini, walikuwa na vipokezi vichache zaidi katika vichujio. Wale waliolishwa chumvi nyingi, wenye homoni kidogo, walikuwa na vipokezi vingi zaidi.

Kwa binadamu, ushahidi ulitolewa mwaka 1974 na Norman Hollenberg na wenzake, pia wa Boston. Waliwapa watu wenye afya njema chakula chenye chumvi nyingi na, wakati mwingine, chakula chenye chumvi kidogo, kisha wakawatia mshipani kiasi kidogo cha anjiotensini na kupima damu ipitayo katika figo. Wakati wa chumvi nyingi, mishipa ya figo ilijibana kwa nguvu. Wakati wa chumvi kidogo, homoni ile ile haikuibana sana.

Lakini tezi zilizo juu ya figo zilifanya kinyume kabisa. Chumvi ilipopungua, tezi hizo zilizidi kuisikia anjiotensini na kutoa aldosteroni nyingi. Homoni moja, katika damu moja, ilisikika vizuri zaidi mahali pamoja na vibaya zaidi mahali pengine.

Hekima ya utaratibu huo ni dhahiri. Binadamu wa kale aliishi kwa vyakula vya porini vyenye chumvi haba. Mwili wake ulihitaji anjiotensini nyingi ili tezi zihifadhi kila chembe ya chumvi, lakini kama homoni hiyo ingeibana mishipa ya figo kwa kiasi hicho hicho, figo zingekosa damu na kufa. Kwa kupunguza vipokezi kwenye mishipa na kuviongeza kwenye tezi, mwili uliweza kuhifadhi chumvi bila kujinyonga.

Tatizo la leo ni kinyume chake. Mtu anayekula chumvi nyingi kila siku huwa na homoni kidogo, lakini mishipa yake imefungua masikio yote. Kwa mwenye afya hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa homoni imeshuka sana. Kwa yule ambaye figo zake hazijui kuizima renini ipasavyo, au aliyezaliwa na vichujio vichache, kiasi kidogo tu cha anjiotensini huwakuta wasikilizaji wengi mno.

Kutoka Nyanza hadi Nairobi

Kenya ina ushahidi wake kuhusu chumvi na presha. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa Waluo waliohama kutoka mashambani magharibi mwa nchi na kwenda kuishi Nairobi. Muda mfupi tu baada ya kufika mjini, wahamiaji hao walikuwa na shinikizo la juu kuliko wenzao waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulionyesha sababu mojawapo: chumvi ilikuwa imeongezeka na potasiamu, madini yapatikanayo kwa wingi katika mboga na matunda, ilikuwa imepungua.

Mabadiliko kama hayo yanaonekana leo Malindi, Watamu, Mtwapa na Mariakani. Familia zilizokuwa zikila sima kwa mchunga na samaki wabichi sasa hununua viazi karai, bajia, soseji, mikate ya dukani na viungo vya mchuzi vya pakiti, vyote vikiwa na chumvi ambayo mlaji haioni. Vyakula vya asili navyo si vyote visivyo na lawama. Ng'onda na papa mkavu, waliohifadhiwa kwa chumvi tangu zama za majahazi, hubeba chumvi nyingi iwapo hawakurowekwa na kumwagwa maji mara kadhaa kabla ya kupikwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vilivyonunuliwa vikiwa tayari.

Dhana ya Kilifi

Chumvi peke yake, hata hivyo, haielezi kila kitu. Presha huwapata pia wakazi wa vijijini ambao hawali vyakula vya mjini. Hapo ndipo lilipo swali lililoulizwa na daktari Anthony Etyang na wenzake wa kituo cha Kilifi: je, malaria ya utotoni inaweza kumwachia mtu presha ukubwani?

Dhana hiyo, waliyoieleza katika jarida la kitabibu mwaka 2016, ina njia kadhaa. Kwanza, malaria kwa mama mjamzito husababisha mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi huwa na vichujio vichache katika figo, na Brenner, yule yule wa Boston, alipendekeza mwaka 1988 kuwa uchache huo humweka mtu katika hatari ya presha maisha yake yote. Pili, malaria ya mara kwa mara hudumaza mtoto na kuacha uvimbe wa ndani katika kuta za mishipa. Tatu, kuna mlolongo wa anjiotensini wenyewe.

Kuhusu hilo la tatu, majaribio ya maabara yametoa dalili za kuvutia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa panya waliopewa anjiotensini ya pili walipungukiwa kiasi na vimelea vya malaria na kupata nafuu kidogo kwa malaria ya ubongo. Kutokana na matokeo ya aina hiyo, baadhi ya wanasayansi wamejiuliza iwapo, katika maelfu ya miaka ya kuishi na malaria, watu wenye mlolongo mkali zaidi wa anjiotensini walinusurika zaidi, na kuwaachia wajukuu wao mishipa yenye mwelekeo wa kubana. Mwaka uliofuata, majaribio mengine ya panya yalibainisha upande wa pili: kukizuia kipokezi cha aina ya kwanza, au kukichochea cha aina ya pili, kuliilinda mishipa ya ubongo isivuje wakati wa malaria kali. Hayo ni ya panya, na hakuna daktari anayeruhusiwa kuyatumia kwa mtoto mgonjwa kabla ya majaribio ya binadamu.

Ili kuipima dhana yao kwa watu, watafiti wa Kilifi walitumia njia ya busara. Tangu mwaka 1954, Anthony Allison, mwanasayansi aliyelelewa Kenya, alipoonyesha kuwa aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria kali, inajulikana kuwa watu hao hupata malaria kidogo kuliko majirani zao. Kama malaria huleta presha, basi wenye jeni hiyo wanaoishi Kilifi wangekuwa na presha ya chini kidogo. Na kama tofauti hiyo inatokana na malaria wala si na jeni yenyewe, isingeonekana kwa watu wa Nairobi, ambako malaria ni nadra.

Washiriki walivalishwa vifaa vya kupima shinikizo mchana na usiku kwa saa 24. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalifuata mkondo huo: Kilifi wenye jeni moja ya selimundu walikuwa na shinikizo la chini kidogo, ilhali Nairobi tofauti hiyo haikuonekana. Tofauti yenyewe ni ndogo kwa mtu mmoja, lakini ikitandazwa kwa jamii nzima ina uzito. Utafiti mmoja haumalizi mjadala. Umetosha, hata hivyo, kuonyesha kuwa chandarua anacholalia mtoto wa Ganze leo huenda kikawa pia kinga ya figo zake atakapofika miaka 50.

Vidonge vinavyoziba masikio

Maarifa ya anjiotensini ndiyo yaliyozaa dawa ambazo wagonjwa wengi wa presha na kisukari hupewa hospitalini. Chanzo cha kundi la kwanza ni sumu ya nyoka. Katika miaka ya 1960 Mbrazili Sérgio Ferreira aligundua ndani ya sumu ya nyoka wa Brazil kiini kilichowasaidia wanasayansi kuelewa namna ya kukizuia kile kimeng'enya cha mapafu. Kaptoprili ikaingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikifuatwa na enalaprili na nyinginezo. Kundi la pili, likiongozwa na losatani iliyoidhinishwa mwaka 1995, halizuii homoni kutengenezwa bali huziba kipokezi cha aina ya kwanza.

Dawa hizi hulegeza hasa mshipa utoao damu katika kichujio, hivyo shinikizo ndani ya fundo hupungua. Kwa mgonjwa wa kisukari ambaye protini imeanza kuvuja kwenye mkojo, nafuu hiyo huchelewesha kuharibika kwa figo kwa miaka.

Lakini nguvu yake hutegemea chumvi. Mtu alaye chumvi nyingi ana renini kidogo, hivyo dawa inayozuia mlolongo wa renini haina kikubwa cha kuzuia. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2011 uliwahusisha wagonjwa 52 wa figo waliokuwa tayari wakitumia dawa ya kundi la kwanza. Kupunguza chumvi kuliwapunguzia protini kwenye mkojo na presha kuliko kuwaongezea dawa ya kundi la pili. Kwa maneno mengine, chumvi iliyoachwa mezani ilishinda kidonge cha ziada.

Jambo hilo lina uzito wa pekee Afrika, ambako wagonjwa wengi wa presha huwa na renini kidogo. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusisha wagonjwa 728 wa nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo. Mchanganyiko wowote wenye amlodipini, dawa ambayo hulegeza mishipa bila kupitia anjiotensini, ulishusha presha vizuri zaidi kuliko mchanganyiko usio nayo. Ndiyo maana mgonjwa hapaswi kushangaa akiandikiwa dawa tofauti na ya jirani yake, wala kubadilishana naye vidonge.

Hatari zisizosemwa dukani

Mshipa utoao damu unapobanwa na anjiotensini, huwa unaokoa mchujo wakati mwili umepungukiwa maji. Mgonjwa anayemeza enalaprili au losatani ameondolewa kinga hiyo. Akipatwa na kuharisha na kutapika, kama inavyotokea wakati wa mkurupuko wa kipindupindu, au akifanya kazi nzito juani siku nzima bila kunywa maji, mchujo unaweza kuanguka ghafla na figo zikasimama. Anapaswa kuwahi hospitalini, amweleze daktari dawa anazotumia, na kuuliza iwapo azisimamishe kwa muda hadi apone.

Hatari huongezeka akichanganya na dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, ambazo hununuliwa madukani bila cheti. Dawa hizo hukizuia kitu kinachouacha wazi mshipa uingizao damu. Mshipa uingizao umebanwa, utoao umelegea, na kichujio hubaki bila shinikizo la kuchujia.

Kuna pia suala la potasiamu. Aldosteroni, inayochochewa na anjiotensini, ndiyo huitoa potasiamu mwilini. Dawa hizi huipunguza homoni hiyo, na mgonjwa ambaye figo zake zimeshadhoofika anaweza kulimbikiza potasiamu kiasi cha kusimamisha moyo. Madafu, kinywaji kinachosifiwa Pwani nzima, yana potasiamu nyingi. Kwa mtu mwenye afya ni kinywaji chema, lakini mwenye figo dhaifu anayemeza dawa hizi asiyanywe kila siku kabla ya kupimwa damu. Vivyo hivyo chumvi mbadala iliyotengenezwa kwa potasiamu.

Mwisho ni ujauzito. Mtoto aliye tumboni hutegemea vipokezi vya anjiotensini katika kuziunda figo zake, na dawa za makundi haya mawili zinaweza kuziharibu kabla hajazaliwa. Mwanamke anayezitumia na anayetaka kushika mimba, au aliyegundua ni mjamzito, anapaswa kumweleza muuguzi au daktari mara moja ili abadilishiwe. Katika ujauzito wa kawaida mishipa ya mama huwa haiisikii sana anjiotensini. Katika kifafa cha mimba usikivu hurudi na presha hupanda, jambo linaloifanya kila ziara ya kliniki ya wajawazito, pamoja na kipimo cha presha na cha mkojo, kuwa na thamani kubwa.

Yanayowezekana nyumbani

Presha haina dalili kwa muda mrefu, na figo hazilalamiki hadi zimeharibika sana. Anayegundulika akiwa amechelewa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki, safari ambayo kwa mkazi wa Magarini au Ganze ni ya kuvunja kazi, kilimo na uvuvi.

Kwa hivyo mambo machache ndiyo yenye faida kubwa. Mtu aliyefikia miaka 40, au mwenye kisukari, au ambaye mzazi wake alikuwa na presha, apimwe angalau mara moja kwa mwaka katika zahanati iliyo karibu naye. Kopo la chumvi liondolewe mezani. Samaki mkavu arowekwe na maji yake yamwagwe. Mboga za majani, maharagwe na matunda yazidi kwa yule ambaye figo zake ni nzima. Aliyeanza dawa asiiache kwa kuwa anajihisi mzima, na apimwe kreatinini na potasiamu wiki chache baada ya kuanza, kisha kila daktari aelekezapo.

Chumvi ya Magarini itaendelea kuvunwa, na ni riziki ya familia nyingi. Mwili nao huihitaji, lakini kwa kiasi kidogo. Mtu anayeipunguza kwenye sufuria huongeza anjiotensini katika damu yake kidogo, na mishipa ya figo zake hujibu kwa kupunguza vipokezi, ikabaki imelegea kama ilivyokuwa kwa mababu waliokula chumvi haba.